Bluetooth Yako Haijafa, Imeshushwa Njiani

Mdogo wangu wa Kangema, barua yako nimeisoma yote, pamoja na ule mstari uliouchora juu kwa kalamu ukidhani sitausoma. Kompyuta usiitukane, haina masikio.

Wenzako hawajaiona barua, kwa hivyo niwape kisa kwa ufupi. Kijana huyu anahariri video za ruracio na harusi. Bonasi ya majani chai ilipotoka, mamake alimkatia kidogo, naye akaongeza akiba yake, akanunua madabodi, prosesa ya Intel, kasha na kadi ya Wi-Fi. Akajiundia kompyuta mezani kwake na kuiwekea macOS, mfumo wa Apple. Mashine ya namna hiyo, yenye vipuri vya duka lolote lakini mfumo wa Mac, ndiyo vijana wanayoiita Hackintosh. Inawaka. Final Cut, programu yake ya kuhariri video, inafunguka, Wi-Fi inashika. Ila Bluetooth imegoma: hakuna kibodi, hakuna mausi, hakuna hedifoni. Matundu mawili ya mbele hayasomi flashi. Diski ya nje aliyoambiwa ni ya kasi inanakili harusi moja tangu asubuhi hadi chai ya saa nne. Na akiilaza mashine, inaamka yenyewe. Fundi mmoja amemwambia kadi imeungua, alete pesa ya nyingine.

Usipeleke hiyo pesa. Kadi ambayo Wi-Fi yake inafanya kazi, Bluetooth yake mara nyingi ni nzima pia. Hizo dalili zako nne zinatoka mahali pamoja, na mahali penyewe ni USB.

Najua umeshangaa. Wi-Fi na Bluetooth zinakaa kwenye kadi moja, lakini kila moja inafika kwenye madabodi kwa njia yake. Wi-Fi inapita kwenye PCIe. Bluetooth inapita kwenye USB, sawasawa na flashi, tofauti ni kwamba yenyewe imechomekwa ndani mahali usipopaona. Kompyuta haijui kama ni Bluetooth mpaka kwanza ione kuna kifaa cha USB pale. Kwa hiyo ukianza kutafuta dawa ya Bluetooth kabla ya kupanga USB, utakesha bure.

Kabla hata ya kugusa faili lolote, zima mashine, chomoa waya wa stima, fungua kasha. Kadi yako ni ile ndogo inayolala kwenye tundu la M.2, au ni ile ndefu ya PCIe yenye antena nyuma? Kama ni ndefu, lazima iwe na kakebo kembamba kanakotoka kwenye kadi hadi kwenye pini tisa za USB 2.0 kwenye ukingo wa chini wa madabodi. Hako kakebo ndiko njia ya Bluetooth, na watu hukaacha kwenye boksi pamoja na karatasi za maelezo. Wi-Fi itafanya kazi bila hako, ndiyo maana unadhani kila kitu kimeunganishwa. Kwenye hizo pini nafasi moja haina pini, hivyo ukilazimisha kichwa cha kebo kinyume utazikunja, tazama kwanza. Na antena zifunge kwa nguvu ya vidole. Nimeona mashine yenye kasha la chuma, antena ziko kwenye droo, na mwenyewe analalamika hedifoni zinakatika akivuka mlango.

Kama waya uko mahali pake, basi tuingie kwenye hesabu ya viti. Wewe ni wa Kangema, sina haja ya kukueleza Michuki alikuwa nani. Akiwa mbunge wenu na waziri wa uchukuzi, sheria zake za 2004 ziliishusha matatu kutoka abiria 18 hadi 14, kila mtu na mkanda wake, na asiyepata kiti abaki stejini. Apple nao waliweka sheria yao mwaka 2015, walipotoa toleo la El Capitan: kila kidhibiti cha USB kiruhusiwe poti 15, basi. Mac za Apple zenyewe haziumii kwa sababu zimeundwa na poti chache. Madabodi yako, kama ni ya prosesa za Intel za vizazi vya Skylake hadi Coffee Lake, inaweza kuwa na poti 26. Kumi na moja zinabaki stejini, na macOS haikuulizi ziwe zipi.

Utaniambia, dada, mimi nimehesabu matundu hayafiki hata kumi na mawili. Tundu ni lile unaloliona kwa macho. Poti ni ile kompyuta inayoihesabu. Tundu jeusi la USB 2 lina poti moja. Tundu la bluu la USB 3 lina poti mbili ndani yake: moja ya mwendo wa zamani, inayoanza na herufi HS, na moja ya kasi, inayoanza na SS. Ukiweka matundu sita ya bluu, tayari una poti 12. Ongeza pini za ndani ambazo huzitumii, ongeza poti mbili zinazoitwa USR ambazo mtu wa nyumbani hana kazi nazo, ongeza Bluetooth yenyewe, gari limejaa.

Na kuna jambo la foleni. Kwenye madabodi hizi za Intel, HS01 hadi HS14 ndizo zenye namba za mwanzo, halafu zinafuata USR, na zile za SS ziko mwisho kabisa. Ukizikatia 15 tu, zinazoachwa ni za kasi. Hiyo ndiyo diski yako ya harusi: imechomekwa kwenye tundu la bluu lakini inapita kwenye njia ya zamani. Diski haina ubaya.

Kwa nini basi Bluetooth nayo ikose, ilhali kwa kawaida imeshika namba ya HS ya mwanzomwanzo au hata HS14, zote zikiwa ndani ya 15? Jibu liko kwenye barua yako, ule ukurasa wa pili. Umeandika kwamba folda ya EFI, ile yenye faili za kuwashia mashine, ulipewa tayari na rafiki "mwenye mashine karibu kama yangu." Karibu! Ndani ya folda hiyo mna ramani ya USB, orodha ya poti zinazoruhusiwa kupanda, na ramani ya namna hiyo ni ya madabodi moja, modeli moja. Huyo rafiki alipanga viti vya gari lake, akawaacha abiria wasiomhusu, nawe ukachukua orodha yake ukaisomea abiria wako. Huenda kadi yake ya Bluetooth inakaa HS10 na yako iko HS14. Basi HS14 imeshushwa, na matundu yako ya mbele yameshushwa pamoja nayo.

Hata wanaojichorea ramani wenyewe huangukia hapo. Wanazunguka na flashi, wanachomeka kila tundu, kila poti iliyojibu wanaiwekea tiki, isiyojibu wanaifuta. Bluetooth haina tundu la kuchomeka flashi, kwa hivyo haijibu, kwa hivyo inafutwa. Ikishafutwa wanasema kadi imeungua.

Kwa hiyo chora ramani yako mwenyewe, kwa utaratibu huu. Nakili folda nzima ya EFI inayowaka sasa uiweke kwenye flashi, na uhakikishe flashi hiyo inaweza kuiwasha mashine. Hili usilipuuze, ukikosea faili moja tu, lile la mipangilio liitwalo config.plist, mashine inaweza kukataa kuwaka, na wewe una mteja wa Jumamosi. Pia azima kibodi ya waya na mausi ya waya. Mtu anayetengeneza Bluetooth kwa kutumia kibodi ya Bluetooth atajifungia nje.

Kama una Windows kwenye diski nyingine, fanyia kazi hapo, kwa sababu Windows haina ile sheria ya poti 15 na itakuonyesha abiria wote. Programu inaitwa USBToolBox. Ukibaki ndani ya macOS kuna USBMap ya CorpNewt, nayo ni nzuri, ila ina mizunguko zaidi. Chukua flashi mbili, moja ya USB 2 na moja ya USB 3, kwa sababu flashi ya bluu peke yake inaweza kukuonyesha upande wa SS tu ukasahau HS yake. Chukua karatasi na uchore kasha lako mbele na nyuma, kila tundu kiboksi chake. Chomeka moja, subiri programu ione, andika namba kwenye kiboksi, chomoa, weka nyingine. Halafu nenda tundu linalofuata. Usiharakishe.

Kisha washa Bluetooth ndani ya Windows na uangalie kwenye orodha. Itatokea kwa jina, pengine kama kifaa cha Intel au Broadcom, kwenye poti ambayo hukuchomeka kitu chochote. Izungushie kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo haishuki, hata ikibidi mwingine atembee kwa miguu.

Sasa chagua zako 15 au chini ya hapo. Mimi ningeacha USR zote mbili, na pini za ndani ambazo hazina waya. Kwenye tundu la bluu ambalo umeliwekea kibodi ya waya maisha yote, toa SS ubakishe HS. Kibodi haina haja ya kasi. Matundu mawili ya nyuma ya diski za kazi, weka poti zote mbili kila moja. Mbele, weka zote mbili kwenye tundu moja tu kama nafasi ni finyu. Habu ya USB ya nje ukiichomeka tundu moja unapata matundu manne ya ziada bila kuongeza kiti kwenye madabodi, kwa hivyo usilie ukimwacha mtu.

Kila poti pia ina aina yake, na hapa ndipo mashine yako inapoamka usiku yenyewe. Tundu la kawaida la USB 2 ni aina 0. Tundu la bluu ni aina 3, na HS na SS zake zote mbili ziandikwe 3, kwa sababu ni mlango mmoja. Bluetooth ya ndani ni 255, maana yake kifaa kisichochomolewa. Ukiiandika 0 au 3, macOS itadhani ni kitu cha nje kinachoweza kuchomolewa wakati wowote. Mashine ikilala, ama inaamshwa, ama ikiamka Bluetooth imepotea. Kama una tundu la USB-C, chomeka flashi, andika poti ya SS iliyojibu, kisha igeuze upande wa pili. Ikijibu poti ileile, ni aina 9. Ikihamia poti nyingine, ni aina 10, na hapo inakula viti vingi zaidi.

Programu itakutengenezea UTBMap.kext, keksti yaani kiongezo cha macOS. Iweke kwenye folda ya Kexts ndani ya OC, folda ya OpenCore, ile programu inayoiwasha macOS kwenye mashine yako, pamoja na USBToolBox.kext, na uziandikishe zote mbili kwenye config.plist, ya kwanza haifanyi kazi bila ya pili, ukiacha mipangilio ya programu kama ilivyo. Toa ramani ya rafiki. Toa USBInjectAll.kext kama ipo. Na ile swichi ya XhciPortLimit ambayo umeshauriwa uiwashe "mambo yaishe," izime. Zamani ilisaidia kuvuka kikomo kwa muda mtu akichora ramani, lakini tangu macOS 11.3 ya mwaka 2021 haitegemeki tena, na kuiacha imewashwa kunaweza hata kuizuia mashine kuwaka.

Ukifika hapa, washa upya. Diski itakuwa imepata mwendo na matundu ya mbele yatakuwa yameamka. Kwa wengine Bluetooth nayo inarudi papo hapo. Isiporudi, sasa ndipo tunaongea habari za Bluetooth.

Chipu nyingi za Bluetooth haziamki na akili zao. Kila zinapopata stima kutoka sufuri, draiva inatakiwa kuzipakia programu yao ndogo kupitia USB. Hujaona ajabu hii: ukitoka Windows ukawasha upya moja kwa moja kwenda macOS, Bluetooth inafanya kazi, lakini stima ikipotea usiku, asubuhi haipo? Windows ndiyo ilikuwa imeipakia, na chipu ikaendelea kukumbuka kwa sababu stima haikukatika. Ukiona dalili hiyo furahi, maana ramani ni sahihi na kinachokosekana ni keksti ya kupakia tu.

Tazama aina ya kadi. Ya Intel inataka IntelBluetoothFirmware.kext na IntelBTPatcher.kext. Ya Broadcom isiyo ya Apple inataka BrcmPatchRAM3.kext na BrcmFirmwareData.kext. Kwa zote mbili, kuanzia toleo la Monterey la mwaka 2021 ongeza BlueToolFixup.kext, ambayo utaipata kwenye kifurushi cha BrcmPatchRAM, na Lilu.kext iwe juu yake kwenye orodha. Apple walibadilisha Bluetooth sana kwenye Monterey, na zile keksti za zamani zenye neno Injector mwishoni ziligeuka kikwazo. Hapo ndipo makala nyingi za zamani zinawapoteza watu: mtu anaweka ya kale na mpya pamoja, zinavutana. Ziondoe. Halafu kwenye menyu ya OpenCore chagua kufuta NVRAM, kumbukumbu ndogo ya mipangilio, zima mashine kabisa, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza stima iliyobaki ndani, ngojea kidogo, kisha washa.

Wenye kadi za Broadcom zilizotoka kwenye Mac zenyewe, zile za BCM94360, nyinyi Bluetooth yenu haihitaji keksti hata moja ya hizo. Shida yenu ni Wi-Fi, ambayo Apple waliitoa kwenye Sonoma mwaka 2023. Hilo nitaliacha leo.

Bluetooth ikishika lakini mausi inarukaruka, angalia kilicho karibu yake. USB 3 inapofanya kazi hutoa kelele ya redio kwenye eneo la gigahezi 2.4, mlemle Bluetooth inamoongelea. Intel wenyewe waliandika kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Diski yako ya harusi ikiwa nyuma, sentimita chache kutoka kwenye antena, mausi itateseka kila ukinakili. Isogeze diski kwa waya mrefu kidogo wenye ubora. Hakuna faili la kubadilisha hapo.

Na kama uliambiwa dukani kwamba kwa kadi ya Intel utarushiana picha na iPhone kwa AirDrop, uliuziwa maneno. Hedifoni, kibodi na mausi, sawa. AirDrop usiitegemee.

Swali lako la pili lilikuwa fupi, na ndilo lililonifanya nikujibu haraka. Marafiki wanataka uwaundie mashine kama hii, uwauzie, na umeshaanza kupiga hesabu ya faida. Mdogo wangu, hapana. Mkataba wa macOS unasema mfumo huo uwekwe kwenye kompyuta zenye chapa ya Apple. Ukiwa na moja chumbani kwako ukijifunza, unavunja mkataba na unajua unachofanya. Ukianza kuuza, hiyo ni biashara, na kuna waliotangulia: kampuni ya Psystar ya Florida iliuza kompyuta za namna hiyo mwaka 2008, Apple wakaishtaki mwaka huohuo, ikashindwa mahakamani 2009, na rufaa yake ikagonga mwamba 2011. Utasema Florida ni mbali na Kangema. Basi sahau mahakama, mfikirie mteja. Atabonyeza kitufe cha kusasisha usiku wa Ijumaa, Bluetooth itaondoka, na atakutafuta wewe, kwa sababu Apple hawamjui. Utakuwa fundi wa bure wa mashine za kijiji kizima.

Halafu barabara yenyewe inakaribia mwisho. Apple walitangaza mwaka 2020 kwamba wanaacha Intel, chipu yao ya M1 ikatoka Novemba mwaka huo, na mwaka 2025 wakasema Tahoe ndilo toleo la mwisho la macOS kwa mashine za Intel. Hackintosh yako inaishi kwa sababu Apple bado wanaandika mfumo wa Intel. Wakikoma, utabaki na toleo ulilonalo na sasisho chache za usalama, basi. Kwa hiyo ya kwako itengeneze, itumie, zima usasishaji wa kujiendesha msimu wa harusi za Desemba, na picha za wateja ziwe na nakala kwenye diski ya pili. Lakini usiongeze hata shilingi elfu tano kwenye kadi nyingine au kasha lenye taa. Weka kando kidogokidogo mpaka upate Mac mini ya M1 ya mtumba iliyokaguliwa. Final Cut yako ikiwa umeinunua kwa akaunti yako ya Apple, utaipakua tena huko bila kulipa upya.

Wale marafiki waundie za Windows na uwawekee DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure linatosha kabisa kwa ruracio. Toza kazi yako ya kuunda, andika risiti, na waranti sema ni ya miezi mingapi na ya sehemu zipi. Anayeng'ang'ania lazima iwe Mac, mwonyeshe bei ya Mac mini ya mtumba, halafu mwulize tena.